Mlinzi wa Pumzi: Kazi ya Mtaalamu wa Usingizi na Ganzi



Wengi huifahamu kazi hii kwa jina la nusu kaputi, wakadhani kwamba mtaalamu wake huchoma sindano, mgonjwa akalala, kazi ikaisha. Sivyo. Tangu mgonjwa afumbe macho hadi ayafumbue, mtaalamu huyo ndiye mlinzi wa pumzi yake, mapigo ya moyo wake na shinikizo la damu yake, kwa kuwa aliyelala hawezi kusema kwamba anakosa hewa.

Mnamo tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa etha mbele ya madaktari, naye akapasuliwa uvimbe shingoni. Tarehe hiyo huadhimishwa hadi leo duniani kuwa siku ya taaluma hii.

Tangu hapo taaluma imetoka nje ya chumba cha upasuaji. Mwaka 1952 polio iliukumba mji wa Copenhagen, Denmark, na waliopooza misuli ya kupumulia wakawa wanakufa kwa wingi. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri koo litobolewe, mrija uingizwe, na hewa isukumwe kwa mfuko unaobanwa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari walipokezana zamu usiku na mchana. Vifo vikapungua sana, na katika juhudi hizo ndimo zilimochipuka wodi za wagonjwa mahututi.

Halikadhalika, alama ambazo mtoto mchanga hupewa mara azaliwapo, ambazo ukamilifu wake ni 10, zilibuniwa na daktari wa usingizi, Virginia Apgar wa Marekani. Mama anayeambiwa kuwa mwanawe amepata tisa kwa kumi anafaidi matunda ya utafiti huo. Leo wataalamu hawa hutuliza pia uchungu wa uzazi na maumivu ya saratani, na huwahudumia majeruhi wa ajali.

Hata hivyo, ulinzi wote huo waweza kuvunjwa na kikombe kimoja cha uji. Ndugu wa mgonjwa, kwa huruma, humpenyezea uji alfajiri ya upasuaji. Naye akiulizwa, hujibu kwamba hajala. Dawa ikishamlaza, koo hulegea, kilichomo tumboni hupanda na kuingia mapafuni. Hapo huruma hugeuka msiba.

Kwa kawaida, mgonjwa huacha chakula angalau saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu saa 2. Mtoto anayenyonya huacha maziwa ya mama saa 4. Maelekezo ya hospitali husika ndiyo ya kufuatwa.

Mama anayekimbizwa kwa upasuaji wa dharura naye asiogope kusema kwamba amekula. Hatafukuzwa, mtaalamu akijua, huchagua njia iliyo salama zaidi, kama vile sindano ya ganzi ya mgongoni. Vilevile zitajwe pumu, shinikizo la damu, jino linalocheza, pombe, dawa za hospitali na za miti shamba, na tatizo lolote lililompata mgonjwa au ndugu yake alipolazwa kwa dawa zamani.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mlinzi wa pumzi hulinda vyema akiambiwa ukweli.