Kati ya Kinyasini na Bweleo



Mwaka 2023 chuo cha IIT Madras cha India kilifungua kampasi Bweleo, ya kwanza ya vyuo vya IIT nje ya India, kikaanza kufundisha sayansi ya data na akili mnemba. Kijana wa Fumba anaweza kufika pale kwa baiskeli. Kukaa darasani ni jambo jingine: kuna mtihani wa kuingilia na usaili. Basi nauliza, mtoto wa Kidato cha Pili wa Makunduchi au wa Chaani anaandaliwa wapi?

Mimi jibu naliona Kinyasini. Tangu mwaka 2015 shirika la Barefoot College lina kituo pale kinachowafunza wanawake wa vijijini uhandisi wa umeme wa jua, na wengi wao hawana cheti cha skuli. Kabla ya hapo akina mama wa Zanzibar walipelekwa Tilonia, kule Rajasthan, India, kujifunza kazi hiyo hiyo. Hakuna kukariri kwanza. Mama anatambua vipande kwa rangi zake, anatia lehemu, anaunganisha saketi. Taa ikiwaka, amefaulu. Isipowaka, anatafuta kosa mwenyewe mpaka alipate. Akirudi kijijini anawafungia majirani paneli, na zikiharibika ndiye anayeitwa.

Hapo kwenye kutafuta kosa ndipo penye uhandisi wote. Kipindi cha kompyuta kinachoishia kutaja sehemu za mashine na kuchapa barua hakimfikishi mwanafunzi huko. Mtoto aliyeandika programu ya mistari kumi, ikakataa, akaipitia mstari baada ya mstari mpaka akaona alipokosea, huyo ameanza safari ya Bweleo.

Na mambo ya kufanyia kazi tunayo tele. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme, baada ya kuharibika laini ile inayopita chini ya bahari kutoka Bara. Wanafunzi wetu wa leo wakati huo walikuwa wachanga, au hawajazaliwa. Mwaka 2013 ukaja waya mpya wa megawati 100. Mwalimu awaulize: hoteli na nyumba zinaongezeka kila mwaka, megawati hizo zitatosha mpaka lini? Waandike programu ya kukokotoa, kila mmoja aitetee hesabu yake mbele ya wenzake. Wa Jambiani wakokotoe saa za maji kupwa na kujaa, akina mama wanaolima mwani wazitumie. Wa Mji Mkongwe wanalo Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililoporomoka upande mmoja Desemba 2020. Ukuta wa mawe na chokaa unabeba uzito gani, na maji ya mvua yanaudhoofisha vipi? Swali hilo lina fizikia, lina hesabu, na jengo lenyewe liko Forodhani.

Vyumba tumeanza kuvipata. Skuli za ghorofa zilizojengwa miaka hii zina maabara na vyumba vya kompyuta, na hilo ni jambo la kushukuru kwa dhati. Ninachokihofia ni kufuli. Chumba kikifungwa ili mashine zisiharibike, zitazeeka zikiwa mpya na mtoto atamaliza Kidato cha Nne hajazigusa. Vifunguliwe nje ya vipindi pia. Mchana watoto wanakwenda chuo cha Kurani, nacho hakiguswi; basi iwe Jumamosi asubuhi. Wasimamizi wawe wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni, na saa hizo zihesabiwe katika mafunzo yao ya vitendo. Akina mama wa Kinyasini nao waalikwe kufundisha saketi, wasichana wetu wawaone wakiwa na chuma cha lehemu mkononi.

Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali haihitaji kungoja skuli zote ziwe tayari. Ianze na moja katika kila wilaya ya Unguja. Ni skuli saba tu. Na Pemba, yenye wilaya nne, ianze siku hiyo hiyo, isiwekwe zamu ya pili.