Upasuaji wa Kupunguza Unene: Ni Tiba au ni Anasa?



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu wa Garissa, mada niliyopewa ni ya unene, na naona wengine washaanza kucheka. Huku Kaskazini Mashariki tumezoea kuzungumzia njaa. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 ulimaliza mifugo, na wako watoto waliokosa hata maziwa. Lakini mji huohuo una mama ambaye hawezi kusujudu kwa sababu ya uzito. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu Wakenya wazima 27 katika kila 100 wamezidi uzito.

Sasa tuelewane. Sizungumzii kitambi cha kawaida. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 105 anapata 41. Tangu mwaka 1991 madaktari walisema aliyefika 40, au 35 na ana kisukari au presha, anaweza kufikiriwa kupasuliwa. Mwaka 2022 mabingwa walishusha kipimo hicho, ikawa 35 hata bila ugonjwa mwingine.

Upasuaji wenyewe ni upi? Daktari hupitisha vifaa vyembamba kwenye matundu madogo tumboni. Aina moja hukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, ukabaki mwembamba kama ndizi. Aina nyingine hutenga kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi. Mgonjwa hushiba upesi, na hata homoni za njaa hubadilika. Wengi wenye kisukari sukari yao hushuka. Huu si ule wa kufyonza mafuta ili mtu apate umbo. Huo wa mafuta hautibu ugonjwa huu, na mwezi Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa. Kwa hiyo kabla ya kulala kitandani kwa mtu yeyote, hakikisha amesajiliwa na baraza la madaktari.

Je, una hatari? Ndiyo. Uchunguzi wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007 ulifuata watu zaidi ya 4,000 kwa wastani wa miaka kumi hivi. Kati ya 2,010 waliopasuliwa, watano walifariki ndani ya siku 90. Lakini kwa miaka yote hiyo, vifo vya waliopasuliwa vilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 29 kuliko vya wanene wenzao ambao hawakupasuliwa.

Mtu atasema: "Si afunge tu, Ramadhan itamkondesha!" Ndugu yangu, tazama futari zetu. Sambusa, bajia, wali na nyama ya mbuzi, pasta, halafu chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuacha nafasi tumboni ya maji na ya pumzi, na mafundisho hayo ni kinga yetu sote. Lakini mwili uliokwisha kunenepa mno hupigana na kukonda: njaa huzidi, na kilo hurudi. Ndiyo maana huu ni ugonjwa, wala si ulafi peke yake.

Na hapa ndipo penye dhambi yetu. Mtu akiugua figo, ukoo mzima huchanga. Akiwa mnene kupita kiasi, tunamwambia amejitakia. Upasuaji huu hufanyika Nairobi, kiasi cha kilomita 370 kutoka hapa, na gharama yake hufika mamia ya maelfu ya shilingi. Peke yake hawezi. Wanazuoni hutenganisha kubadilisha umbo kwa ajili ya urembo na kutibu maradhi. Hii ni tiba, na tumeamrishwa kutafuta tiba.

Mwisho, aliyepasuliwa ajue mambo matatu. Kwanza, atameza vitamini na madini maisha yake yote na kupimwa damu. Pili, mwanamke asubiri mwaka mmoja au mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Tatu, saumu. Anakunywa maji kidogo kidogo, na joto la Garissa mnalijua. Miezi ya mwanzo asifunge, na baadaye amuulize daktari wake na sheikh wake. Ruhusa ya mgonjwa imetoka kwa Mola wetu, basi tusimtazame kwa jicho baya tukimwona na chupa ya maji mchana.

Tumpime mwenzetu kwa huruma kabla ya kumpima kwa kilo. Allah awape shifaa wagonjwa wetu na azikubali saumu zetu. Aamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.