Eka Moja Si Meta Sabini kwa Sabini

(Hotuba ya Katibu Mwenezi wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa kueleza habari za vipimo vya urefu, yaani jinsi ya kugeuza futi, yadi na maili kuwa meta na kilometa. Wako walionung'unika walipoisikia ajenda hii. Walisema, "Tumekuja kusikia siasa, nanyi mwatuletea hesabu za watoto." Twawaomba mtuvumilie mpaka tufike kwenye habari za vibarua, ndipo kila mmoja aamue mwenyewe kama hii ni hesabu au ni siasa.

Yafaa tuanze na mambo ya kwetu. Wazee wetu walikuwa na vipimo vyao kabla ya mgeni yeyote kutuletea rula. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikikunjuliwa. Mkono, au dhiraa, ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, mikono minne ni pima. Kwa vipimo hivi nguo za merikani ziliuzwa pwani na bara. Wazee husimulia kwamba mnunuzi mwerevu alikwenda dukani na mjomba wake aliye mrefu, na mwenye duka naye alimweka mpimaji mfupi. Kasoro ya kipimo cha mwili ndiyo hiyo: hakifanani kwa watu wote.

Wajerumani walipotutawala walileta meta. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, na reli ya kutoka Dar es Salaam, iliyoanza 1905 ikafika Kigoma 1914, zote ni za upana wa meta moja kamili, chuma hadi chuma. Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walileta futi na maili, lakini reli hawakuing'oa. Tena wao wenyewe walikuwa wamejenga reli ya Mombasa mpaka Ziwa Victoria, 1896 hadi 1901, kwa upana huo huo wa meta, kwa sababu huko India walikuwa na reli nyingi za namna hiyo. Basi mwananchi alipanda gari la moshi juu ya reli ya meta, safari yake ikahesabiwa kwa maili, na nauli akalipa kwa shilingi yenye senti mia!

Fikirini habari ya shilingi hiyo. Tangu 1921 shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti 100, na kila mama wa sokoni aliijua bila ya kwenda shule. Huko Uingereza shilingi yao iliendelea kuwa na peni 12 mpaka 1971. Meta ni ndugu wa shilingi yetu: ina sentimeta 100, na kilometa ni meta 1,000. Yadi ina futi 3, futi ina inchi 12, na maili ina yadi 1,760. Asemaye kwamba meta ni ngumu kwa mtu wa kijijini hajamwona mtu wa kijijini akihesabu chenji.

Serikali zetu za Afrika Mashariki ziliingia katika vipimo vya meta miaka ya 1960 na 1970. Walakini futi hazikuondoka. Msumari twauita wa inchi nne, mbao ni mbili kwa nne, bomba ni la nusu inchi, na shamba ni eka. Kwa hiyo kila siku tunasimama kati ya vipimo viwili, na hapo katikati ndipo mtu anapopunjwa.

Shikeni hesabu moja tu: inchi moja ni sentimeta 2 na nukta 54. Hii si kadiri, ni kamili. Mwaka 1959 Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana yadi iwe meta 0.9144, bila ya kuzidi wala kupungua. Maana yake ni kwamba yadi, tuliyofundishwa kuiheshimu kama mali ya mfalme, yenyewe siku hizi hupimwa kwa meta. Kutoka hapo mengine yote hufuata. Futi ni inchi 12, basi ni sentimeta 30.48. Yadi ni 91.44. Maili ni meta 1,609.

Mtazame Reli ya Uhuru, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa ndugu zetu wa China kati ya 1970 na 1975. Ilijengwa kwa upana wa reli za Zambia na za kusini, nao ni futi 3 na inchi 6. Gezeni: inchi 42 mara 2.54 ni sentimeta 106.68. Reli ya Kigoma ni sentimeta 100. Tofauti haifiki vidole vinne, lakini kwa ajili ya vidole hivyo behewa la Kigoma haliwezi kwenda Zambia, na shehena hubidi kuhamishwa. Hata reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, upana wake wa milimeta 1,435 si kitu kingine ila futi 4 na inchi 8 na nusu za Kiingereza.

Kwa haraka, bila ya kalamu, ziko njia za mkato. Maili 5 ni kilometa 8. Yadi 12 ni meta 11, kasoro kama sentimeta tatu. Futi 10 ni meta 3 na sentimeta tano hivi. Lakini msiuamini mkato katika jambo kubwa. Wazee walisoma kwamba Kilimanjaro ni futi 19,340. Watoto husoma meta 5,895. Mlima ni ule ule. Sasa chukueni mkato wa kuzidisha futi kwa tatu na kugawa kwa kumi: mtapata 5,802. Tumemkata mzee Kibo meta 93!

Dukani, mama akilipa bei ya meta 12 na kitambaa kikapimwa kwa fimbo ya yadi, anapoteza zaidi ya meta nzima. Hiyo ni blauzi ya mtoto. Tazameni fimbo kabla ya kutazama maua ya kitambaa.

Nasi viongozi tusijifanye wajuzi. Tulipoezeka ofisi hii mnayoketi, fundi alitupa kipimo cha paa futi 19 na nusu, akataka mabati mawili ya futi 10 kwa kila mstari, ili yapishane inchi sita. Sisi tulikwenda mjini tukanunua mabati ya meta 3, tukisema, "Futi kumi ni meta tatu." Si kweli. Kila bati lilipungua karibu inchi mbili, na ule mpishano wa inchi sita ukabaki inchi mbili na kidogo. Mvua ya kwanza ilituonyesha kosa letu. Daftari la wanachama lililolowa lilikuwa la michango yenu, na mabati mengine yalinunuliwa kwa michango yenu vile vile. Hilo tunalikiri hadharani.

Sasa tuje kwenye vibarua. Kila mkulima hapa ajua kwamba eka ni hatua sabini kwa sabini. Desturi hii ina msingi mzuri. Eka ni yadi za mraba 4,840. Sabini mara sabini ni 4,900. Basi hatua ya mtu mzima ikiwa yadi moja, umeipata eka na kipande kidogo juu. Lakini hatua hiyo ni yadi. Haikuwa meta hata siku moja.

Msimu uliopita akina mama kadhaa wa tawi hili walipalilia shamba la mwajiri mmoja ambaye jina lake hatulitaji hapa, kwa malipo ya eka. Miaka ya nyuma msimamizi alikuwa akipima kwa miguu. Safari hii alikuja na utepe mpya wa meta, akapiga mambo sabini kwa sabini, akasema, "Haya, eka zenu hizi, zimepimwa kitaalamu." Akina mama waliona kazi haishi. Waliokuwa wakimaliza kipande saa sita walimaliza alasiri. Wakaambiwa kwamba wamekuwa wavivu.

Walikuja ofisini. Tulikwenda na utepe wetu, wenye inchi upande mmoja na sentimeta upande wa pili, tukapima mbele ya msimamizi. Meta 70 mara 70 ni meta za mraba 4,900. Eka ni 4,047. Ziada ni 853, yaani zaidi ya moja ya tano. Kwa kila vipande vitano walivyolipwa kama eka tano, akina mama hao walipalilia eka sita na zaidi. Eka ya sita ilipaliliwa bure. Kama ni kuipima eka kwa meta, basi mambo yapigwe meta 63 na sentimeta 60 kila upande.

Hatusemi kwamba mwajiri alikusudia. Huenda naye aliuamini utepe kama sisi tulivyoamini mabati. Mambo yamekwisha kung'olewa na kupigwa upya, na hilo twamshukuru. Lakini malipo ya nyuma bado. Amesema hana hesabu ya vipande vya msimu ule. Sisi tunajua kwamba baadhi ya akina mama walikuwa wakipiga alama za mkaa ukutani, kila siku kwa siku yake, na wengine walifunga mafundo katika kamba. Hizo ndizo hesabu.

Basi Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, kila aliyepalilia shamba lile afike ofisini na alama zake. Mwenye alama ukutani asiupake chokaa. Tutakwenda kwake kuzinakili. Katibu wa akina mama atakuwa na daftari, na utepe utakuwapo mezani kwa kila atakaye kujifunza kuusoma. Jumatatu tutakwenda pamoja kwa mwajiri na orodha iliyokamilika.