Mashine Hupanga Njia, Chama Hutoa Ridhaa

(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Zamani katibu wa chama cha msingi alihitaji leja, kalamu na mizani iliyokaguliwa. Leo, hapa Tanzania, anatakiwa pia kuingiza taarifa za chama katika MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Mtandao ukikatika, katibu hufunga makaratasi yake na kupanda pikipiki kwenda mjini, na wakulima hungoja. Kwa hiyo, lini mkongo wa mawasiliano utafika kijijini si swali la mafundi peke yao. Ni swali la ushirika.

Mkongo ni fungu la nyuzi za kioo safi, kila uzi ukiwa mwembamba kama unywele, zinazopitisha habari kwa mwanga. Charles Kao na George Hockham walieleza mwaka 1966, huko Uingereza, kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha chaweza kufanya kazi hiyo kwa masafa marefu. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwaka huohuo mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi katika Afrika Mashariki, na Tanzania ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Njia kuu hizo ni jambo kubwa. Hata hivyo, iliyo ngumu zaidi ni safari ya mwisho, kutoka njia kuu hadi mlango wa ofisi ya chama, shule na zahanati. Hapo gharama kubwa si kioo, bali ni kuchimba.

Katika kuiharakisha safari hiyo, mashine zinazojiendesha zimeleta msaada wa namna tatu.

Kwanza, ni katika kupanga. Programu ya kompyuta hupewa ramani ya barabara, nguzo na majengo. Hujaribu maelfu ya njia, ikachagua ile ambayo mtaro mmoja utatumiwa na nyumba nyingi, kisha ikahesabu mita za bomba, viungo na masanduku. Uzi mmoja huweza kugawanywa ili uhudumie nyumba 32 au zaidi. Kwa hiyo mahali pa kuweka sanduku la kugawanyia hupandisha au hushusha gharama. Hesabu iliyomchukua mchoraji wiki nyingi huweza kumalizika kwa saa chache.

Pili, ni katika kujenga. Jembe maalumu linalokokotwa na trekta hupasua udongo na kulaza bomba papo hapo. Kisha mkongo husukumwa ndani ya bomba hilo kwa nguvu ya hewa. Mashine ya kuunganishia nayo hutazama ncha mbili za kioo kwa kamera, ikazilinganisha yenyewe, ikaziyeyusha kwa cheche ya umeme zikawa uzi mmoja.

Tatu, ni katika kupima. Kifaa hutuma mwanga ndani ya uzi na kupima muda wa kurudi kwake, kisha humwambia fundi mkongo umekatika umbali gani. Fundi huchimba shimo moja badala ya kumi.

Ndugu Wanaushirika, hayo yote ni mema, lakini mna mambo mawili ambayo mashine haiwezi kuyajua isipoambiwa: kilichomo ardhini, na mwenye ardhi ni nani.

Juu ya jambo la kwanza, Uingereza ni funzo. Serikali yake imekadiria kwamba huko huchimbwa mashimo yapatayo milioni 4 kila mwaka, na kwamba mabomba na nyaya hupigwa kwa bahati mbaya mara zipatazo 60,000. Ramani za vitu hivyo zilikuwa mikononi mwa mamia ya mashirika, kila moja na yake. Ndipo serikali ikaanzisha daftari moja la vitu vilivyofukiwa, ambalo lilianza kutumika katika baadhi ya maeneo mwaka 2023. Nchi yenye kompyuta tele ililazimika kurudi kwenye kazi ambayo kila katibu anaijua: kuandika mali iko wapi, na kuiandika mahali pamoja.

Juu ya jambo la pili, mfano ni wa wanaushirika wenyewe. Kaskazini mwa Uingereza, katika vijiji vya Lancashire, makampuni makubwa hayakuona faida ya kufikisha mkongo. Mwaka 2011 wakazi waliandikisha chama cha manufaa ya jamii kiitwacho B4RN. Walinunua hisa, na wengi wakachimba mitaro kwa mikono yao na kwa matrekta yao. Wakulima waliruhusu mkongo upite mashambani mwao bila kudai malipo, ndipo njia ikaacha barabara za lami, ambazo kuzichimba ni ghali, ikafuata majani. Programu yaweza kuchora mstari katikati ya shamba kwa dakika moja. Kumfanya mwenye shamba akubali ni kazi ya jirani anayeaminika.

Lipo pia la kuangaliwa kwa makini. Mashine hutii swali iliyoulizwa. Ikiulizwa njia ya gharama ndogo tu, itakiacha nje kitongoji kilichotawanyika, na itafanya hivyo kwa haraka kuliko mchoraji yeyote. Nyumba isiyo kwenye ramani haimo katika hesabu yake. Ghala la chama lisiloandikwa huwa kama halikujengwa.

Basi wajibu wa vyama uko wazi. Daftari la wanachama lionyeshe kitongoji cha kila mmoja, si jina tu. Ofisi, ghala, kituo cha kununulia mazao na bomba la maji lililochimbwa kwa nguvu za wananchi viwekwe kwenye mchoro na kuhifadhiwa. Mkutano mkuu ujadili mapema ni masharti gani mkongo utapita mashambani, na muhtasari uandikwe. Wapimaji watakapokuja, wapewe karatasi iliyo sahihi, na waulizwe mbele ya wanachama: ni kitongoji gani kimeachwa, na kwa nini?

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mashine hujaza kibaba upesi, lakini haba zenyewe hutoka katika madaftari ya vyama. Likiwa na kosa, kosa hilo litachimbwa ardhini na kufukiwa, na gharama ya kulifukua italipwa na mkulima.