Simu Ifike kwa Anayemlea Mtoto



Februari 2018, ndugu zetu wa Ituri walipokuwa wakivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi, kipindupindu kilituingilia hapa Kyangwali. Ugonjwa huo haungoji mkutano. Simu hufika upesi.

Lakini mara nyingi simu hukaa mfukoni mwa baba, na anayemtawaza mtoto ni mama au dada yake. Ujumbe ukiishia mfukoni haujafika. Sisi walimu tunaomba ujumbe uwe wa sauti, kwa lugha yetu, wa jambo moja tu. Baba aufungue jioni, wote wasikie.

Wiki ya kwanza: kinyesi cha mtoto mchanga nacho kina vijidudu, kitupwe chooni. Ya pili: tunawe kwa sabuni au jivu baada ya kumtawaza na kabla ya kumlisha. Ya tatu: akiharisha, apewe lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, visijae kupita ukingo, naye apelekwe zahanati mara moja.

Wasio na simu, jirani awaite wasikilize.