Tusifiche Ugonjwa wa Mkojo
(Maneno ya mwanachama mmoja wa reli katika mkutano wa tawi)



Sikusimama hapa kuwachekesha. Mwaka jana nilikuwa nikiamka mara tano usiku kwenda kukojoa. Asubuhi nafika kazini na usingizi machoni, na kazi ya kuunganisha mabehewa haina huruma kwa mtu anayesinzia. Nilinyamaza kwa haya. Nilidhani ni tezi ya wazee imenijia mapema.

Mke wangu akasema, "Baba watoto, pima uandike." Nikachukua daftari na jagi lenye alama. Siku tatu, usiku na mchana, niliandika saa, kiasi cha mkojo, na nilichokunywa. Kila mara ulikuwa mwingi, si matone. Nikanunua vijiti vya kupimia mkojo katika duka la dawa. Unachovya, unangoja kama kopo linavyoagiza, unalinganisha rangi. Rangi ya sukari iligeuka.

Nilipeleka daftari hospitali. Wakapima damu, wakakuta kisukari. Sasa natumia dawa, na usiku nalala.

Lakini ndugu, kijiti si daktari. Huonyesha sukari, damu na dalili za maambukizo; saratani ya tezi dume hakiioni. Kikionyesha safi na taabu ikabaki, nenda ukapimwe. Ukiona damu, usingoje. Mkojo ukikataa kutoka kabisa, kimbia hospitali saa ile ile.

Naomba kamati ipeleke neno kwa wakubwa: mtu akienda kupimwa, asikatwe mshahara wa siku hiyo.