Tuwapeleke Vijana Ziwani, Warudi Wakiwa Walinzi wa Milima

(Maelezo yaliyotolewa kwa walezi wa vijana kutoka Kibondo na Kasulu. Tumeyafupisha kidogo ili yaenee katika jarida letu.)



Nimeombwa nizungumze juu ya kuwapeleka vijana kambi ya uvuvi. Swali la kwanza ambalo wengi wenu mmeniuliza ni hili: tuwapeleke wapi? Kibondo na Kasulu ziko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini hatuna ziwa la mlimani kama lile la Ngozi kule Rungwe. Ni kweli. Ziwa letu liko chini ya milima. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi, limebanwa na milima upande wetu na upande wa Kongo, na maji ya vilima vyetu huishia humo.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja. Kijana akienda ziwani, asiende kula samaki na kupiga picha tu. Aende akaone kwa macho yake kwamba udongo anaoulima nyumbani na samaki anayemnunua sokoni ni habari moja.

Mto unaotuunganisha

Mto Malagarasi unaanzia katika nchi ya juu, karibu na mpaka wa Burundi. Unafuata mpaka, unazunguka kupitia upande wa Kibondo, unaingia kwenye mabwawa makubwa ya Moyowosi, kisha unageuka magharibi, unapita Uvinza na kumwaga maji Ziwa Tanganyika karibu na Ilagala. Urefu wake ni kilometa 475 hivi. Wataalamu wanatuambia kwamba mto huu ni mzee kuliko ziwa lenyewe. Zamani ulitiririka hadi Kongo, na mpaka leo wamo samaki ndani yake ambao ndugu zao wako katika mto Kongo.

Mabwawa hayo ya Malagarasi na Moyowosi yaliandikishwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, yakiwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kupata heshima hiyo. Humo anaishi yule korongo mwenye mdomo mpana kama kiatu. Lakini faida kubwa kwetu ni kwamba mabwawa hufanya kazi ya chujio. Maji mekundu ya mvua yakifika kwenye mafunjo hupunguza mwendo, na tope hutua.

Vijito vifupi vinavyoshuka milimani moja kwa moja hadi ziwani havina chujio. Mkulima akilima kwenye mteremko bila makinga maji, au akikata miti ya kando ya kijito, udongo wake hushuka wote. Tope hilo hufunika mawe ya ufukweni, na juu ya mawe hayo ndipo panapoota mimea midogo inayoliwa na samaki wengi wa pembeni. Mwonyesheni kijana jiwe safi na jiwe lililofunikwa na tope. Hatahitaji hotuba.

Wakati wa kwenda

Hapa pana mtego. Likizo ya Juni ndiyo inayowafaa wanafunzi, tena ni kiangazi, hakuna mvua. Lakini mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana. Kwa hiyo kabla ya kupanga chochote, muulizeni Afisa Uvuvi kama kuna mapumziko mwaka huo, na kama kikundi chenu kinahitaji leseni. Tena miezi hiyo upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa.

Mkiona kwamba ziwa limefungwa, kambi isivunjike. Wavuvi wakiwa nchi kavu wana nafasi ya kuzungumza na vijana. Na kijana akiuliza, "Mbona ziwa limefungwa wakati watu wana njaa?", hilo ndilo swali zuri kuliko yote. Mwacheni mvuvi mzee alijibu.

Likizo ya Desemba ina mvua na radi. Mkienda wakati huo, msipige hema chini ya mti mrefu wala kwenye mkondo wa maji, na mtoke majini mara mawingu yanapojikusanya.

Tazameni pia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu. Basi mbalamwezi ndiyo siku zenu: kambi ina mwanga na walimu wapo.

Usalama kwanza

Ndugu zangu, mzazi anapokukabidhi mtoto wake, amekukabidhi uhai. Vijana wetu wamekulia kwenye maharage, mahindi na migomba, na wengi hawajui kuogelea. Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470, na mahali pengi kina kinaanza hatua chache tu kutoka ufukweni. Kwa hiyo naomba tushike haya:

1. Kila kijana awe na mwenzake. Wawili wawili, mchana na usiku. Mmoja asipoonekana, mwenzake anajua.

2. Hesabuni vijana kabla ya kwenda majini, wakitoka, na kabla ya kulala. Mitume walipovuta wavu walihesabu samaki 153. Sisi tusishindwe kuhesabu watoto.

3. Hakuna kupanda mtumbwi bila jaketi la kuokolea, na hakuna kwenda na vijana uvuvi wa usiku. Vueni kwa ndoano na mshipi, mchana, mkiwa ufukweni.

4. Ulizeni wenyeji kuhusu mamba na viboko. Wakisema mahali fulani hapafai, msibishane nao.

5. Epukeni maji yaliyotuama yenye majani, kwa maana konokono wa kichocho hukaa humo. Mkirudi, atakayeona damu kwenye mkojo au kinyesi apelekwe zahanati mapema.

6. Choo kichimbwe mbali na maji, maji ya kunywa yachemshwe, na kila mtu alale ndani ya chandarua. Mwaka 2015 kule Kagunga, kipindupindu kiliua watu miongoni mwa maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliojaa ufukweni bila vyoo wala maji safi. Tusisahau.

Wanaofikiria kwenda mabwawa ya Moyowosi wajue kwamba sehemu kubwa ni Pori la Akiba. Huingii bila kibali.

Uvuvi wenyewe

Mkifika kijijini, anzeni kwa mwenyekiti wa kijiji na kikundi cha BMU, msianze kwa ndoano. Ombeni mvuvi mmoja au wawili wawe walimu, na wapeni haki yao, kwa kuwa siku ya mvuvi ni chakula cha watoto wake.

Wafundisheni vijana kutofautisha dagaa, migebuka, sangala na kuhe. Wajue pia kwamba Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti. Baadhi yao wanaufahamu utupa, ule mmea wa shambani unaotumika kulevya samaki mtoni. Waambieni wazi: utupa hauchagui. Unaua mzazi na kifaranga, na kesho mto ni mtupu.

Samaki mdogo arudishwe majini akiwa hai. Kwa kijana mwenye njaa hilo ni gumu, na ndiyo maana lina thamani.

Wapeni pia saa moja kwa akina mama wanaoanika dagaa. Dagaa wa mchangani huwa na mchanga na bei yake ni ndogo. Wa kwenye chanja ni safi na huuzwa vizuri zaidi. Hiyo ni elimu ya biashara, haina ada.

Mkisharudi

Samaki wanapungua kwa sababu nyingi. Wavuvi wameongezeka. Pia watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hivyo maji ya chini yenye rutuba hayapandi kama zamani. Kijana wa Kasulu hawezi kulipoza ziwa, lakini anaweza kuzuia udongo wa shamba la baba yake usishuke.

Kwa hiyo nashauri kila kikundi kikirudi kichague kijito kimoja na kukitunza: miti ya asili kandoni, makinga maji shambani, majani ya kulisha mifugo kwenye kingo. Msiwaulize vijana walivua samaki wangapi. Waulizeni kijito chao kina rangi gani baada ya mvua.